Ulinzi wa magonjwa Lushoto: Taarifa inayowahi ni mtaji wa mkulima

KILA siku ya soko malori yaliyosheheni karoti, kabichi, viazi na nyanya huteremka kutoka Lukozi, Mlalo na Soni kuelekea Mombo, na kutoka hapo hushika barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam au Tanga. Mkulima wa Milima ya Usambara anaijua vizuri bei ya mbolea, dawa, usafiri na ushuru wa mazao. Iko gharama moja ambayo mara nyingi haimo katika daftari lake, nayo ni ile inayotokana na ugonjwa wa binadamu unaogunduliwa kwa kuchelewa.

Lushoto ina sababu ya kuifahamu gharama hiyo kuliko wilaya nyingi nchini. Kuanzia Aprili 1980 hadi mwaka 2004, upande wa Usambara Magharibi ulikumbwa na milipuko ya mara kwa mara ya tauni. Katika kipindi hicho waliandikishwa wagonjwa zaidi ya 7,000, na mamia miongoni mwao walifariki dunia. Kwa miaka mingi Lushoto ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotajwa duniani kila tauni ilipozungumzwa.

Tangu wakati huo milima hiyo imekuwa kimya. Vijana wanaolima hoho na liki mabondeni leo, wengi wao hawajawahi kuuona ugonjwa wenyewe. Hata hivyo, wataalamu wa magonjwa haya wanaonya kuwa tauni ina tabia ya kujificha kwa miaka mingi katika panya na viroboto wao, kisha ikaibuka tena. Swali la kujiuliza ni moja: ikirudi kesho, taarifa yake itafika wilayani kabla au baada ya lori la mboga kufika Dar es Salaam?

Ukimya si ushahidi

Tauni ni ugonjwa wa panya kabla ya kuwa wa watu. Kiroboto humng'ata panya mwenye vijidudu, panya akifa kiroboto huhama kutafuta damu nyingine, na mwenye nyumba ndiye aliye karibu. Ndani ya siku chache mtu hupata homa kali, maumivu ya mwili na mitoki, yaani uvimbe wa tezi kwenye kinena, kwapa au shingo. Akipewa dawa mapema, kama vile streptomycin, gentamicin au doxycycline, hupona. Asipotibiwa, tauni ya mitoki huua kati ya wagonjwa watatu na sita katika kila kumi. Ikiingia kwenye mapafu, huenea kwa kikohozi kutoka mtu hadi mtu, na bila ya tiba ya haraka karibu wote huaga dunia.

Kwa hiyo dalili ya kwanza ya hatari haionekani hospitali. Inaonekana darini, ghalani na kwenye migomba, pale panya wanapokutwa wamekufa bila ya kuwekewa sumu. Anayeiona ni mkulima mwenyewe, mke wake au watoto wake. Kumbukumbu za Lushoto zinaonyesha kuwa watoto na wanawake waliugua zaidi, na kwamba wagonjwa waliongezeka hasa kati ya Desemba na Februari. Watafiti waliofanya kazi katika vijiji hivyo, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), walichunguza panya, viroboto, namna mazao yanavyohifadhiwa ndani ya nyumba na jinsi watu wanavyolala. Pamoja na kazi hiyo kubwa, bado hakuna jibu kamili la kwa nini vijiji vilevile vilikuwa vikirudiwa.

Hapo ndipo ilipo hatari ya ukimya. Zahanati isiyoleta taarifa ya tauni kwa miaka 20 inaweza kuwa haina tauni, au inaweza kuwa haiitafuti tena. Mhudumu aliyeitambua kwa macho amestaafu, vipimo vya haraka havijaagizwa, na fomu inajazwa sifuri kwa mazoea. Kwa mtu anayepanga bajeti akiwa mbali, hali hizo mbili zinafanana. Kwa mkulima wa Shume, tofauti yake ni uhai.

Mbulu, mkoani Manyara, inatoa fundisho. Eneo hilo lilikuwa na historia ya tauni, likakaa miaka mingi bila ya mlipuko, kisha mwaka 2007 ugonjwa ukaibuka tena.

Njia ya taarifa na mahali inapokwama

Mwaka 1998 nchi za Shirika la Afya Duniani (WHO) Kanda ya Afrika zilikubaliana kuwa na mfumo mmoja wa ufuatiliaji wa magonjwa badala ya kila mradi kuwa na fomu zake. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuutekeleza. Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Kijiji huipa taarifa zahanati, zahanati huipa wilaya, wilaya huupa mkoa na mkoa huipa wizara. Magonjwa kama tauni, kipindupindu na homa za kutoka damu hutakiwa kutolewa taarifa ndani ya saa 24, na mengine kwa wiki. Katika miaka ya karibuni fomu za karatasi zimeanza kuachia nafasi simu ya mkononi, ambayo mhudumu wa zahanati huitumia kupeleka takwimu bila ya kusubiri gari la wilaya.

Simu imepunguza muda wa safari kutoka zahanati kwenda wilayani. Haijapunguza muda wa kutoka nyumbani kwenda zahanati, wala haijamwezesha mhudumu kuijua homa aliyoletewa. Sehemu hizo mbili ndizo zinazokula siku nyingi zaidi.

Chukua suala la homa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, uliohusisha hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania, uliwaangalia wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Waliokutwa na vimelea vya malaria kwenye damu walikuwa 2,062, chini ya nusu. Utafiti mwingine uliofanyika Moshi mwaka 2007 na 2008 ulikuta kuwa kati ya wagonjwa 870 wa homa waliolazwa, asilimia 60.7 waliambiwa wana malaria, lakini waliokuwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6 tu. Zaidi ya robo ya wale waliochunguzwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama walikutwa nayo, kama homa ya mgunda na ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe.

Tangu tafiti hizo, vipimo vya haraka vya malaria vimesambazwa hadi vijijini na hali ya malaria imeeleweka vizuri zaidi. Lakini kipimo hicho hujibu swali moja tu. Kikionyesha kuwa si malaria, mgonjwa mara nyingi hupewa dawa ya kutuliza na kurudishwa nyumbani, na mfumo wa taarifa hauandiki chochote zaidi ya neno "homa". Kwa mkulima anayeishi na mbuzi, ng'ombe na panya chini ya paa moja, neno hilo linaficha mengi.

Kuchelewa kuna bei

Madagascar ilionyesha mwaka 2017 kinachotokea taarifa inapochelewa. Agosti 23 mwaka huo, mwanamume mmoja alipata dalili zilizofanana na za malaria akiwa wilaya ya Ankazobe, kisha akasafiri kwa gari la abiria kupitia Antananarivo kuelekea mji wa bandari wa Toamasina. Alifariki njiani Agosti 27. Ilikuwa tauni ya mapafu. Mlipuko uligundulika Septemba 11, wiki mbili baadaye, baada ya kifo cha mwanamke mmoja mjini Antananarivo. Hadi kufikia mwishoni mwa Novemba walihesabiwa wagonjwa 2,417 na vifo 209.

Yeyote aliyewahi kupanda basi dogo kutoka Mtae au Mlalo hadi Tanga ataielewa habari hiyo bila ya kufafanuliwa.

Kwa upande wa biashara, India ilipopata tauni mjini Surat mwaka 1994, waliofariki hawakufika 60. Hata hivyo, watalii walifuta safari, ndege zilisitishwa na baadhi ya nchi zikazuia bidhaa za India. Hasara imekuwa ikikadiriwa kukaribia dola za Marekani bilioni mbili. Hofu ilikula fedha nyingi kuliko ugonjwa wenyewe.

Afrika Mashariki nayo ina kumbukumbu zake. Desemba 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu, na wavuvi wa Ziwa Victoria ambao hawakuugua walipoteza soko hadi katikati ya mwaka 1998. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa iliua zaidi ya watu 100 nchini, na biashara ya mifugo na nyama ikayumba. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa wafugaji wa Kenya na kaskazini mwa Tanzania waliziona dalili kwa mifugo yao mapema, wiki kadhaa kabla ya hatua rasmi kuchukuliwa. Taarifa ilikuwapo bomani, ila haikuwa na njia ya kufika ofisini.

Kwa nini mkulima hunyamaza

Viongozi wengi hueleza tatizo hili kama ukosefu wa elimu. Elimu ni muhimu, lakini haielezi kila kitu. Mkulima huweza kujua kabisa kuwa panya waliokufa ni dalili mbaya, na bado akanyamaza kwa hesabu zake.

Anayetoa taarifa hubeba gharama peke yake, wakati faida inagawanywa kwa watu wote. Akisema panya wanakufa nyumbani kwake, anaweza kutengwa na majirani, nyumba yake ikapuliziwa dawa, na jina la kijiji likatangazwa redioni. Dalali atashusha bei ya kabichi au atahamia kijiji kingine. Asiposema, huenda pasitokee lolote. Kwa mtu ambaye kipato chake cha miezi mitatu kiko shambani kinasubiri kuvunwa, kunyamaza kunaonekana ni busara. Jumla ya busara hizo ndogo ndogo ndiyo mlipuko.

Mhudumu wa zahanati naye ana hesabu zake. Akitoa taarifa na ikabainika si tauni, huogopa kuonekana mtu wa kuzusha. Akipeleka sampuli na majibu yasirudi, mara ya pili hatajisumbua.

Lakini taarifa ya uongo ina gharama ndogo kuliko inavyodhaniwa. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kufuatilia taarifa moja ya panya waliokufa kunagharimu Sh 100,000 kwa mafuta ya pikipiki, posho na vifaa vya kuchukulia sampuli. Zikija taarifa 50 kwa mwaka, na 49 kati yake zikawa si tauni, halmashauri imetumia Sh milioni 5. Sasa tuchukulie lori la tani saba za karoti, kilo moja ikiuzwa Sh 600. Thamani yake ni Sh milioni 4.2. Malori mawili yakikosa mnunuzi kwa sababu ya uvumi, hasara ya Sh milioni 8.4 imeshapita gharama yote ya kufuatilia taarifa hizo kwa mwaka mzima. Hapo haijahesabiwa matibabu, nguvukazi iliyopotea wala uhai wa mtu.

Palipofanikiwa na palipochelewa

Ipo mifano ya hapa nchini inayoonyesha kuwa kuwahi kunawezekana. Mwanzoni mwa Julai 2022, Wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi ilitoa taarifa ya wagonjwa wenye homa na kutokwa damu puani, ugonjwa ambao haukujulikana. Vipimo viliondoa kwanza hofu ya Ebola na Marburg. Julai 18 Serikali ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa wanyama wakiwamo panya. Wagonjwa walikuwa 20 na waliofariki watatu. Jina la ugonjwa lilipojulikana, uvumi ulipungua na tiba ikajulikana.

Mkoani Kagera, mlipuko wa Marburg uliotangazwa Machi 21, 2023 ulikuwa na wagonjwa tisa, sita wakafariki, na ulitangazwa kumalizika Juni 2 mwaka huo. Lakini Januari 2025 ugonjwa huo ulipothibitishwa tena mkoani humo, safari hii Biharamulo, hali ilikuwa tofauti. Wagonjwa wote kumi walifariki, na wanane kati yao walikuwa wameshafariki kabla mlipuko haujathibitishwa. Mkoa ni uleule, ugonjwa ni uleule. Kwa hiyo uzoefu wa mara moja hautoshi kama vijijini macho yamefumbwa.

SUA, kupitia kituo cha SACIDS kinachoshughulikia ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza, imetengeneza programu ya simu iitwayo AfyaData, inayomwezesha mtu wa kijijini kutuma taarifa ya dalili kwa binadamu na kwa mifugo. Ubora wake ni kwamba ofisa mifugo na ofisa afya wanaweza kuona tukio moja kwa pamoja. Kitaifa, lipo Dawati la Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu kwa ajili ya kuziunganisha wizara hizo. Aidha, Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kuwa na zaidi ya wahudumu 137,000 nchi nzima.

Kinachotakiwa ni mipango hiyo kufika kwenye kitongoji, na kufika na fedha zake. Misaada kutoka nje, hasa Marekani, ilipungua sana mwaka 2025. Shughuli za ufuatiliaji zilizokuwa zikiendeshwa kwa fedha za miradi haziwezi tena kusubiri mfadhili.

Nini kifanyike

Kwanza, taarifa ya panya waliokufa iingizwe kwenye kazi za kila siku za kitongoji. Mwenyekiti, mtendaji wa kijiji, bwana shamba na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wawe na daftari moja. Bwana shamba ndiye anayepita mashambani na maghalani mara nyingi, lakini leo hahesabiwi kuwa sehemu ya ulinzi wa afya.

Pili, zahanati za vijiji vilivyokuwa na tauni zipewe vipimo vya haraka na dawa, hasa kabla ya Desemba. Kipimo cha aina hiyo kilichobuniwa Madagascar hutoa majibu ndani ya dakika 15. Wahudumu wapya wafundishwe kuutambua mtoki na kuuliza swali moja la ziada kwa kila mgonjwa wa homa isiyo malaria: je, nyumbani kumekufa panya au mnyama?

Tatu, kila taarifa irudishiwe jibu kwa aliyeitoa, hata kama jibu ni "hapana". Ndani ya wiki moja aliyetoa taarifa ajue kilichoonekana. Hii haihitaji sheria mpya. Inahitaji simu na salio.

Nne, hatua zinazochukuliwa zilenge kaya na kitongoji chenye tatizo, si wilaya nzima. Tauni ya mitoki haibebwi na karoti wala kabichi. Halmashauri za Lushoto na Bumbuli zinaweza kuandaa mapema tamko la kuwaeleza wafanyabiashara wa Tanga na Dar es Salaam ni zao gani liko salama na kwa nini, ili siku ikifika soko lisiongozwe na uvumi. Vyama vya wakulima na madalali washirikishwe tangu sasa.

Tano, udhibiti wa panya utazamwe kama kilimo. Panya huyohuyo anayebeba viroboto ndiye anayekula mahindi na maharage ghalani na kufukua mbegu shambani. Fedha zinazotumika kujenga ghala nje ya nyumba, kutumia mifuko isiyopitisha hewa na kusafisha mazingira huleta faida mara mbili. Tahadhari ni kwamba kuua panya kwa sumu wakati tauni imeshaingia, bila ya kwanza kuua viroboto, kunaweza kuongeza hatari, kwa kuwa viroboto huhamia kwa watu.

Wakulima wa nyanya wanakijua kisa cha kantangaze, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014 na kumaliza mashamba kabla wengi hawajajua jina lake. Waliowahi kuambiwa na majirani waliokoa kitu. Waliochelewa walivuna majani makavu. Ugonjwa wa binadamu hufuata mkondo huohuo, ila kinachopotea hakipandwi upya msimu ujao.

Kwa sasa mkulima anayekuta panya wamekufa ovyo asiwashike kwa mkono mtupu, awaweke watoto mbali, na atoe taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji au zahanati siku hiyohiyo. Anaweza pia kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya bila ya malipo. Mtu wa nyumba hiyo akipata homa au mtoki ndani ya wiki moja apelekwe kituo cha afya mara moja, na mhudumu aelezwe habari ya panya bila ya kusubiri aulize.